Barabara ya Cape Town si ya wageni pekee

Bila shaka umewahi kuliona. Ni lori refu, magurudumu makubwa kama ya trekta, madirisha mapana, mahema na sufuria zimepangwa ubavuni. Ndani kuna wazungu ishirini hivi wamevaa kaptura na ndala, mmoja amelala mdomo wazi. Linakata Mombasa Road likielekea upande wa Namanga. Wewe uko ndani ya matatu, goti limebanwa na kiti cha mbele, unalitazama hadi linapotea.

Kwani hao huenda wapi?

Huenda Cape Town. Wengi hupita Tanzania, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia, wiki saba au nane barabarani, wakilala kwenye mahema na kupikiwa kando ya njia. Wakirudi kwao huandika kwamba wameiona Afrika. Na manze, hawadanganyi. Wameona kipande cha Afrika ambacho mimi na wewe, tuliozaliwa humu humu, tunakijua kwa ramani ya darasa la sita tu.

Leo nataka kusema kitu kimoja, na najua kuna watakaonirukia: barabara hiyo ni yako pia. Na unaweza kuipita bila lori, bila wakala, na bila viza hata moja.

Ngoja nirudie hapo kwa viza. Tanzania ni jirani wa Jumuiya. Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia hazimdai Mkenya viza kwa ziara fupi. Aliyekuwa kichwa ngumu ni Afrika Kusini, na huyo naye alilegea. Rais Ruto na Rais Ramaphosa walikubaliana hapa Nairobi Novemba 2022, na tangu Januari 1, 2023, Mkenya anaingia kwa pasipoti tu, hadi siku 90 kwa mwaka. Tunashinda tukilipia maombi ya viza za Ulaya, tunanyimwa, na pesa hazirudishwi. Huku kusini mlango uko wazi na hatujausukuma.

Sasa wacha nijianike kabla hujaniuliza mimi ni nani wa kukushauri.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Si kwamba kichwa kilikataa, ni karo. Nilikuwa na deni la shilingi 94,000 na bila kulilipa sikuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Nikarudi mtaani. Nikauza mitumba ya Gikomba mtandaoni, nikaandikia watu makala, nikashughulikia kurasa za Instagram za maduka mawili ya viatu. Miaka miwili na ushee baadaye nilikuwa nimeweka shilingi 187,000. Mamangu alizijua hizo pesa hadi senti. Kwake zilikuwa na jina tayari: karo. Mimi nikazipa jina lingine.

Mama ni fundi wa nguo Kayole. Siku niliyomwambia, hakupiga kelele. Aliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akauliza: "Na ukirudi, utakuwa na nini mkononi?"

Sikuwa na jibu. Haya unayoyasoma ndiyo jaribio langu la kumjibu, na kukujibu wewe ambaye nyumbani ungeulizwa swali lilo hilo.

Nilianza na basi hadi Dar es Salaam, kisha nikapanda treni ya TAZARA. Kama historia ilikulaza usingizi shuleni, amka kidogo. Zambia haina bahari. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya shaba ya Zambia kuelekea kusini ikawa mikononi mwa watu ambao Kaunda hakutaka kuwategemea. Kaunda na Nyerere wakatafuta wa kuwajengea reli ya kwenda Dar. Nchi za Magharibi zikasema haitalipa. China ikakubali. Kati ya 1970 na 1975 wakatandika kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, wakatoboa milima upande wa Mlimba na Makambako.

Kila siku tunaambiwa umoja wa Afrika ni porojo za mikutano na karamu. Mimi nililala juu ya umoja huo zaidi ya siku mbili, kwenye kitanda cha juu, katika chumba cha wanawake sita. Wanawake na wanaume hulala mbali mbali, kwa hivyo dada yangu unayeogopa kusafiri peke yako, hapo unaweza kuvuta pumzi. Wenzangu walikuwa wafanyabiashara wa vitenge na mchele. Mmoja, mama wa Mbeya, aliponiuliza naenda kufanya nini Zambia nikamwambia naenda kutembea tu, akawageukia wenzake: "Eti anatembea tu!" Wakacheka hadi chumba kikatikisika. Lakini tangu hapo sikununua chakula tena. Ndizi, samaki, wali, kila kilichofunguliwa kilipita kwangu kwanza.

Tukavuka mpaka wa Tunduma na Nakonde. Saa zikarudi nyuma saa moja, na Kiswahili kikaanza kupungua taratibu kama mtandao ukitoka mjini. Kufika Kapiri watu walikuwa wakisalimiana "Muli shani?" na mimi nikijibu kwa tabasamu. Lakini subiri. Lusaka, kwa Kinyanja, nyumba ni nyumba. Nyama ni nyama. Moto ni moto. Maji ni "madzi". Ugali unaitwa nshima, na vile visamaki vidogo vilivyokaushwa wanavyoviita kapenta, ukifumba macho ni omena. Hapo ndipo nilipoanza kusikia aibu fulani. Mimi ni wa kizazi kinachojua misemo ya Kikorea kutoka kwa tamthilia, lakini sikujua kwamba jirani yangu wa nchi mbili tu anaita nyumba nyumba.

Nikashuka hadi mji wa Livingstone, unaoitwa kwa jina la yule mmishonari Mskoti. Kila mtalii huenda pale kuona maporomoko ambayo Livingstone aliyapa jina la malkia wake, Victoria. Wenyeji walikuwa wameyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Mswahili hahitaji mkalimani wa lile neno la kwanza. Upana wake ni zaidi ya mita 1,700, kimo kama mita 108, na mwezi wa Juni maji yakiwa mengi unalowa kama umemwagiwa ndoo. Nililowa, nikapiga kelele, na sioni haya kusema nililia kidogo.

Lakini kilichonikaa moyoni pale si maji. Ni majina mawili: Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, kaskazini mwa Zambia ya leo, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Zaidi ya kilomita 1,500. Magonjwa, njaa, mapigano njiani. Mwili ukapelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey mwezi wa Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwahi hata mazishi.

Yaani watu wetu ndio walioijua njia. Ndio walioibeba safari yote mabegani. Na bado safari ikaitwa ya mtu mwingine. Liweke hilo akilini, nitalirudia tukifika Botswana.

Nikavuka daraja la Mto Zambezi kwa miguu, lile la mwaka 1905, upande mmoja Zambia na upande wa pili Zimbabwe, vijana wa kizungu wakijirusha kwa kamba katikati. Mabasi mawili baadaye nikawa Masvingo, nikaenda kuona Great Zimbabwe.

Wewe unayeishi Nairobi, hebu fikiria ukuta wenye mzunguko wa mita 250 hivi, kimo hadi mita 11, mawe juu ya mawe, bila tone la saruji. Ulijengwa na mababu wa Washona kati ya karne ya 11 na ya 15. Nchi yenyewe imeitwa kwa jina hilo, nyumba za mawe. Lakini walowezi walipofika walikataa katakata. Wakasema ni Wafoinike, ni malkia wa Sheba, ni yeyote yule ila Mwafrika. Wanaakiolojia walioangalia ushahidi walisema tangu 1905 kwamba ni kazi ya wenyeji. Utawala wa Rhodesia haukutaka kusikia. Peter Garlake, mtaalamu aliyesisitiza ukweli huo, aliishia kuondoka nchini mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Unaisikia hiyo stori? Ni ile ile tuliyosimuliwa kuhusu Pwani yetu. Gedi ilijengwa na Waarabu, Lamu ilijengwa na Waajemi, sisi tulikuwa tukitazama tu. Na kumbe miji hii ilikuwa ikifanya biashara pamoja. Dhahabu ya huko bara ilishuka hadi Sofala, ikapanda pwani hadi Kilwa. Pale Great Zimbabwe wachimbaji waliokota sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Sarafu ya Waswahili, ndani ya kuta za Washona! Watu wetu walishaijua njia hii miaka 700 iliyopita, bila kungoja lori la watalii liwaonyeshe.

Kijana aliyenitembeza pale alikuwa akiniita "sisi". Sisi, angalia hapa. Sisi, chunga hilo jiwe. Nilidhani anazungumza kwa wingi hadi nikamuuliza. Akacheka, akaniambia kwao ndivyo wanavyomwita dada. Nikamweleza maana yake kwetu. Akatulia kidogo, kisha akasema, "Basi ni sawa tu, maana ni ile ile."

Botswana nayo ilinifundisha adabu kwa njia yake. Kule husalimii kwa kuinua kidevu. Unasema "Dumela, mma" kwa mwanamke, "Dumela, rra" kwa mwanamume, hata kama unauliza choo tu. Barabarani gari linasimamishwa kwenye ua wa mifugo, wote mnashuka, mnakanyaga dawa kwa viatu, na nyama mbichi inachukuliwa, kwa sababu ugonjwa wa midomo na miguu ukisambaa soko la ng'ombe wao Ulaya litafungwa. Nani kwetu angekubali kushuka kwenye matatu kwa ajili ya ng'ombe?

Nchi hii ilipopata uhuru Septemba 1966 ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi zikapatikana Orapa. Leo ina matatizo yake, vijana wasio na kazi ni wengi, na bei ya almasi ikishuka kila mtu anasikia. Lakini Oktoba 2024 chama kilichotawala miaka 58 kilishindwa kwenye uchaguzi, na Rais Masisi akakubali matokeo kabla hata kura hazijamalizika kuhesabiwa. Dereva wa kombi aliyenisimulia hayo aliyasema kana kwamba anaeleza mvua ya juzi. Mimi, Mkenya, nilibaki nimemtolea macho.

Sasa Maun. Mji huu ndio mlango wa Okavango, mto unaotoka Angola na ambao haufiki baharini. Unamwaga maji yake mchangani Kalahari, na mafuriko hufika wakati wa kiangazi, mvua ikiwa imeisha zamani. Nilipiga hema langu la kukodi kwenye kambi ya bei nafuu. Jioni likaingia lori. Lile lile, la Mombasa Road.

Aliyeshuka wa kwanza kwenda kuwasha moto alikuwa mpishi. Nikamsikia akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikamba. Nikamsalimu kwa Kiswahili. Kaka yule aliangusha mwiko.

Anatoka Machakos. Amefanya kazi hiyo miaka tisa. Anajua kila kituo cha mafuta kuanzia Nairobi hadi Cape Town, anajua mpaka gani una foleni asubuhi, anajua kupika kwa watu 24 upepo ukivuma. Nikamuuliza Okavango pakoje ndani huko, ukiwa kwenye mokoro, ile mitumbwi ya wenyeji. Akasema: "Sijui, dada. Wageni wakienda huko mimi hubaki nikiosha vyombo na kuandaa cha jioni. Nimefika hapa mara nyingi. Sijawahi kuingia."

Hakulalamika. Kazi inamlipia watoto karo, na alijivunia. Lakini niliingia hemani nikafikiria Susi na Chuma hadi usingizi ukakataa. Miaka 150 baadaye, bado tunabeba safari za watu. Tofauti ni kwamba sasa hakuna anayetuzuia kufanya zetu. Tunajizuia wenyewe kwa kuamini kwamba kutalii ni tabia ya wazungu. Mwafrika akitembea lazima awe anatafuta kazi, anakimbia vita au anaenda mazishi.

Kesho yake niliingia Okavango. Nilichanga na Wabotswana wawili na mwanafunzi wa Lesotho tukagawana gharama ya mtumbwi. Nilimpigia picha nyingi yule kaka, nikamtumia.

Si kwamba kila siku ilikuwa tamu. Kutoka Ghanzi kwenda mpaka wa Namibia nilingoja lifti ya kulipia saa sita kando ya barabara, baridi ya Julai ikiniuma kuliko ya Limuru. Nilihara siku mbili. Kuna afisa mmoja wa mpakani, sitasema wapi, aliyegeuzageuza pasipoti yangu na kuuliza mara tatu nani ananilipia safari. Mzungu aliyekuwa mbele yangu hakuulizwa hata mara moja. Hiyo nayo ni sehemu ya ukweli. Mlango uko wazi kwenye karatasi, lakini baadhi ya walinzi hawajazoea kutuona tukiupita kwa raha zetu. Dawa yake ni kuupita mara nyingi hadi wazoee.

Namibia ni kubwa kuliko Kenya kwa mbali, lakini watu wake ni kama milioni tatu tu. Unasafiri saa nzima bila kuona nyumba. Windhoek nilikaa Katutura, mtaa ambao jina lake kwa Kiherero lina maana ya mahali ambapo hatutaki kuishi. Watu waliokataa kuhamishiwa huko walipigwa risasi Desemba 10, 1959, wakafa 11. Leo wajukuu wao wanachoma nyama hapo hapo sokoni, vipande vyembamba wanavyoviita kapana, unachovya kwenye pilipili na chumvi ukiwa umesimama. Mtoto wa Kayole hakuhitaji kuelekezwa.

Ni Katutura nilikokutana na mama mmoja Mherero akishona kibandani. Umewahi kuona picha za wanawake wa Kiherero, magauni marefu yaliyofura, kilemba chenye ncha mbili kama pembe za ng'ombe. Nilikuwa nimeshatoa simu nipige picha. Akanitazama tu. Nikairudisha mfukoni, nikaomba radhi, nikamwambia mamangu pia ni fundi. Akasogeza kiti.

Alinieleza kwamba gauni hilo lilianzia kwa wake za wamishonari Wajerumani karne ya 19, kisha Waherero wakaligeuza likawa lao. Mwaka 1904 Waherero walipoinuka dhidi ya wakoloni, Jenerali von Trotha alitoa amri waangamizwe. Walifukuziwa jangwani na visima vikalindwa. Hadi 1908 makumi ya maelfu ya Waherero na Wanama kama 10,000 walikuwa wamekufa kwa risasi, kiu na kambi za mateso. Ujerumani ilikiri kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari mnamo Mei 2021, ikaahidi euro bilioni 1.1 za miradi kwa miaka 30, ila haikutaka kuziita fidia. Viongozi wengi wa Waherero na Wanama walikataa, wakisema hawakuwa mezani wakati wa kujadiliwa.

Nikamwambia kuhusu Mau Mau, jinsi Uingereza ilivyokubali mwaka 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 baada ya kesi. Hakuwa amewahi kusikia. Mimi sikuwa nimewahi kusikia kuhusu von Trotha. Tulikuwa watu wawili wenye jeraha moja, kila mmoja akidhani ni la kwao tu. Niambie, ni kitabu gani cha mtaala kilichotukutanisha sisi?

Basi la Cape Town lilitembea kama kilomita 1,500. Nilifika asubuhi ya mvua, Table Mountain imejifunika wingu. Nilicheka niliposikia makanga wa kule, wanamwita gaartjie, akining'inia mlangoni na kuita "Wynberg! Wynberg!" kwa sauti ya mtu wa Rongai. Nilienda Robben Island, nikasimama mbele ya chumba ambamo Mandela alifungwa 18 kati ya miaka yake 27 ya jela. Ni kidogo kuliko bafu la watu fulani.

Na hapo Cape Town pia nilijifunza kunyamaza. Kijana Mzimbabwe aliyekuwa akisafisha hosteli aliniambia, "Ukiwa kwenye teksi usiongee sana kwa simu." Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa kwenye mashambulizi dhidi ya wageni nchini humo, na hofu haijaisha. Niliumia. Lakini kabla hujawatupia mawe, jiulize tunavyowasema ombaomba wanaotoka Tanzania, tunavyomwita kila Msomali, tunavyomcheka Mkongo kwa lafudhi yake. Hatujaua, lakini lugha tunayo. Mtu aliyelishwa na wanawake watano kwenye treni hawezi kuyasema hayo tena kirahisi. Mimi siwezi.

Najua utakaloniambia. "Pesa sina." Nakuelewa kabisa. Kuna wasomaji wanaolea wadogo zao, na kwao makala haya ni kelele tu. Sikwambii uache shule. Sikwambii uibe akiba ya chama. Nasema na wewe uliye na kitu kidogo, unayekiweka kwa simu mpya kila mwaka au kwa wikendi tatu Diani na mbogi. Ticha wa bei hiyo yuko barabarani.

Hesabu yangu ni hii. Siku 51. Nilirudi na shilingi 9,000. Tiketi ya ndege ya kurudi peke yake ilikula karibu robo ya pesa. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, dola za noti ndogo, na sweta kama ni katikati ya mwaka. Uliza ratiba ya treni kabla hujatoka nyumbani, maana hubadilika, na hakikisha masharti ya mipaka mwenyewe. Fika mji mgeni kukiwa na mwanga. Ukiwa mwanamke, tafuta kina mama, ukae karibu nao. Na kama Cape Town ni mbali, anza na Arusha. Namanga ni saa tatu tu kutoka mjini, foleni ikikuhurumia.

Nilirudi nyumbani Jumapili. Mama alikuwa ameketi kwenye cherehani kama nilivyomwacha. Nikampa kitambaa alichonipa yule mama wa Katutura, kipande cha buluu chenye maua meupe, nikamwambia gauni moja lao hula hadi mita kumi.

"Mita kumi!" akasema. Akakitandaza mezani, akakipima kwa mkono. Nikamwonyesha picha niliyoruhusiwa kupiga mwishoni, baada ya chai ya pili. Akaikuza kwa vidole, akatazama bega, akatazama kiuno. Hakuniambia nilifanya vyema. Deni la chuo bado ni 94,000 na sote tunalijua. Nimeanza kuweka tena, safari hii kwa jina lake yeye.

Aliuliza kitu kimoja tu: "Huu mkono wao wanaukataje?" Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.